BARIDI INAVYOUNGUZA MSUMENO WA INJINI

Somo kwa wakata kuni, mafundi, na wote wapendao kujua kazi za watu wa nchi nyingine

Kila mtu ajua ya kuwa moto huunguza. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa baridi nayo yaweza kuunguza, tena yaweza kuunguza chuma. Katika nchi zenye theluji, mtu aweza kutoka asubuhi ya baridi kali na msumeno wake wa injini uliokuwa ukifanya kazi vizuri sana wakati wa joto. Ukata magogo mawili matatu kwa mlio wa kasi, kisha uzimike ghafula usiwake tena. Fundi akiufungua, aikuta pistoni imekwaruzwa na kuchomeka kana kwamba ilitiwa tanuruni. Mwenye msumeno hustaajabu na kuuliza, "Chuma changu kimeunguaje, na mimi mwenyewe nilikuwa nikitetemeka kwa baridi?"

Somo letu la juma hili litajibu swali hilo. Tutaeleza jinsi watu wa nchi za baridi wakatavyo kuni zao, jinsi injini ya msumeno ivutavyo hewa, na jinsi ya kuirekebisha hali ya hewa inapobadilika. Mwisho tutaona ya kuwa habari hii ya mbali yamhusu pia mtu wa Eldoret na mtu wa Mombasa, ingawa hajapata kuiona theluji maishani mwake.

Nchi ambamo kuni ni akiba ya uhai

Tuchukue mfano wa nchi ya Norwe, iliyo kaskazini mwa Ulaya. Mashariki ya nchi hiyo, karibu na mpaka wa Uswidi, liko bonde refu lenye misitu liitwalo Østerdalen. Katika miezi ya Desemba, Januari na Februari, baridi ya bonde hilo yaweza kufika nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, na pengine kuzidi. Maji huganda yakawa barafu kwa nyuzi sifuri tu. Basi msomaji na apime mwenyewe baridi hiyo ni ya namna gani. Jua huonekana kwa saa chache, kisha giza hurudi.

Norwe ina mito mingi yenye maporomoko, na nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme utokanao na maji hayo. Tangu mwaka 2020 ni marufuku huko kutumia mafuta ya ardhini kupasha nyumba joto. Lakini umeme hupita katika nyaya, na dhoruba ya theluji yaweza kuangusha miti juu ya nyaya hizo. Nyumba isiyo na moto usiku wa namna hiyo si mahali pa kulala mtoto wala mzee. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi bado zina jiko la chuma, na nje ya nyumba ziko kuni zilizopangwa vizuri ukutani. Siku hizi wako huko hata watu wenye kusema Kiswahili, hasa waliotoka Kongo, nao wamejifunza ya kuwa kuni katika nchi hiyo si za kupikia tu, bali ni akiba ya uhai.

Huko kuni huuzwa kwa kipimo cha zamani kiitwacho favn. Ni fungu lenye urefu wa mita 2, kimo cha mita 2, na kuni zilizokatwa kwa urefu wa sentimita 60. Yaani mita za ujazo 2.4. Kuni zipendwazo zaidi ni za mti wenye gome jeupe, ambao wenyeji huuita bjørk, kwa maana hutoa joto jingi na hudumu motoni. Miti ya jamii ya misonobari nayo hutumika, lakini huungua upesi zaidi.

Kwa nini hukata kuni wakati wa baridi?

Msomaji aweza kufikiri ya kuwa watu hao hukata kuni wakati wa baridi kwa sababu wamechelewa. Sivyo. Mtu mwangalifu hazikati kuni za mwaka huu. Hukata za mwaka ujao. Sababu zake ni hizi.

Kwanza, ardhi huganda ikawa ngumu, hata mahali penye matope na vinamasi. Trekta au farasi aweza kuvuta magogo juu ya theluji pasipo kuharibu udongo wala kuchafua magogo kwa mchanga, ambao ni adui wa makali ya msumeno.

Pili, miti yenye majani mapana huwa imekwisha kupukutisha majani yake. Mkataji auona mti wote, matawi yake na mahali unapoegemea, na hana mzigo wa majani wa kuburuta.

Tatu, gogo bichi lililoganda hupasuka kwa urahisi. Maji yaliyo ndani yake yamekuwa barafu, na shoka likipiga, gogo huachana kwa pigo moja mahali ambapo lingehitaji mapigo matatu.

Nne, na hii ndiyo sababu kubwa, kuni zilizokatwa na kupasuliwa kabla ya majira ya joto hupata miezi mirefu ya jua na upepo za kukaukia. Mti uliokatwa sasa hivi waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kuni njema za jikoni hazipasi kuwa na maji zaidi ya sehemu 20 katika 100. Ukichoma kuni mbichi, moto hutumia nguvu zake kuchemsha maji badala ya kupasha nyumba joto. Kisha moshi wake huacha lami katika dohani, na lami hiyo yaweza kuwaka moto siku moja na kuteketeza nyumba. Basi kazi ya kukata kuni haina budi kufanywa katika miezi ile ile ambayo ni migumu kwa mashine.

Mashine yenyewe ilitoka wapi

Mnyororo wenye meno ulibuniwa kwanza na waganga wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, mwishoni mwa karne ya 18, nao ulivutwa kwa mkono ili kukata mifupa ya wagonjwa. Msumeno wa mnyororo wa kukatia miti ulikuja baadaye sana. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza wa umeme mwaka 1926, na wa petroli mwaka 1929. Misumeno ya siku hizo ilikuwa mizito, ikishikwa na watu wawili. Mwaka 1946 Mmarekani aitwaye Joseph Buford Cox, aliyekuwa mkata miti, alimtazama buu la mdudu likitafuna gogo kwa kwenda kushoto na kulia. Alitengeneza jino la mnyororo kwa mfano wa taya za buu yule, na mpaka leo minyororo mingi duniani yafuata mfano huo.

Injini ya msumeno ni ndogo lakini ina kazi kubwa. Inapokwenda kwa nguvu zote huzunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika, yaani mara 200 kwa kila sekunde. Haina tangi la oili chini yake kama injini ya motokaa. Oili ya kulainisha pistoni huchanganywa ndani ya petroli yenyewe. Kwa misumeno mingi ya siku hizi kipimo ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 za oili katika lita 5. Jambo hili tulishike sana, kwa maana ndilo ufunguo wa somo letu: petroli ikipungua, na oili imepungua.

Hewa ina uzito

Injini haili petroli peke yake. Petroli haiwezi kuwaka vema pasipo hewa, na chombo kichanganyacho vitu hivi viwili huitwa kabureta. Petroli ikiwa nyingi kupita kiasi, injini hutoa moshi, hukosa nguvu, na plagi huwa nyeusi. Petroli ikiwa haba kuliko hewa, injini hupiga mlio mwembamba wa kasi, na joto lake huzidi.

Sasa, watu wengi hudhani ya kuwa hewa haina uzito. La, inao. Chukua sanduku lenye upana, urefu na kimo cha mita moja. Siku yenye joto la nyuzi 20, kwenye usawa wa bahari, hewa iliyomo ina uzito wa kilo 1.2. Siku yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, hewa iliyomo katika sanduku lile lile ina uzito wa karibu kilo 1.4. Baridi imeibana hewa, na sanduku limepokea hewa nyingi zaidi kwa sehemu kama 16 katika kila 100.

Silinda ya injini ni kama sanduku hilo. Siku ya baridi kila pumzi yake ina hewa nyingi kuliko siku ya joto, lakini kabureta haikuambiwa. Tundu lake la petroli lingali pale pale lilipoachwa na fundi siku ya joto, na petroli iongezekayo kwa mvuto wa hewa hiyo nzito haitoshi kuilingana. Basi injini hupata hewa nyingi na petroli haba.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Petroli ipitayo ndani ya injini hufanya kazi tatu: huwaka na kutoa nguvu, hupoza pistoni inapogeuka kuwa mvuke, na hubeba oili. Ikipungua, moto huwa mkali, upoaji hupungua, na oili hupungua, yote kwa mara moja. Tena msumeno huzunguka kwa kasi kuliko kawaida, hata mwenyewe akafurahi na kusema, "Leo mashine yangu ina nguvu!" Kumbe ni nguvu za mgonjwa mwenye homa. Pistoni, iliyotengenezwa kwa aluminiamu, hutanuka kwa joto, husugua ukuta wa silinda, na mwisho hushikamana nao. Hivi ndivyo baridi iunguzavyo chuma.

Kazi za kufanya kabla ya kugusa skrubu

Fundi mwema hakimbilii bisibisi. Mara nyingi kosa haliko katika kabureta, na anayezungusha skrubu ili kuficha kosa jingine huongeza hasara. Basi na atazame kwanza mambo haya:

1. Chujio la hewa. Lisafishwe na kukaushwa kabisa. Theluji laini yaweza kuingia na kuziba njia ya hewa. Chujio likiwa chafu, injini hupata hewa haba. Ukirekebisha kabureta katika hali hiyo, kisha ukasafisha chujio kesho yake, petroli itakuwa haba nawe hujui.

2. Petroli. Iwe mpya na yenye oili kwa kipimo kile kilichoandikwa katika kitabu cha msumeno. Tone la maji ndani ya petroli halidhuru sana siku ya joto, lakini siku ya baridi huganda na kuziba mrija. Kwa hiyo wakata kuni wa nchi za baridi hujaza tangi jioni, ili pasiwe na nafasi ya hewa yenye unyevu kugeuka matone ya maji humo.

3. Plagi. Iwe safi na yenye nafasi sahihi.

4. Mlango wa majira ya baridi. Misumeno mingi iuzwayo katika nchi hizo ina kifuniko kidogo kiwezacho kugeuzwa. Kikiwekwa upande wa baridi, hewa iliyopashwa joto na silinda hupita kwenye kabureta. Kazi yake ni kuzuia barafu, kwa maana petroli inapogeuka mvuke huipoza kabureta, na unyevu wa hewa waweza kuganda ndani yake hata siku isiyo na baridi kali sana. Lakini siku ikipata joto, kifuniko hicho hakina budi kurudishwa. Kikisahauliwa, injini hupata joto kupita kiasi.

5. Mnyororo. Uwe mkali na usikazwe mno. Mnyororo butu huifanya injini ihangaike, na mtu akadhani ya kuwa kabureta ndiyo mbovu.

Jinsi ya kurekebisha

Misumeno mingine ya siku hizi ina kompyuta ndogo ndani yake, nayo hupima na kujirekebisha yenyewe. Mwenye msumeno wa namna hiyo hana skrubu za kugeuza. Lakini misumeno mingi itumiwayo na watu wa kawaida ina skrubu tatu. Yenye herufi L ni ya petroli ya mwendo mdogo. Yenye herufi H ni ya petroli ya mwendo mkubwa. Ya tatu huamua injini izunguke kwa kasi gani inapongoja bila kazi. Skrubu za L na H zikigeuzwa kufuata mwendo wa akrabu za saa, petroli hupungua. Zikigeuzwa kinyume, petroli huongezeka. Ikiwa skrubu zina vizuizi vilivyowekwa na kiwanda, zigeuzwe ndani ya mipaka hiyo tu. Usivunje vizuizi, bali umpelekee fundi.

Hatua ya kwanza. Washa injini ukate kuni ndogo kwa dakika chache mpaka ipate joto lake la kazi. Injini baridi husema uongo: huhitaji petroli nyingi kuliko itakavyohitaji baadaye.

Hatua ya pili. Anza na L. Igeuze polepole huku na huku mpaka usikie mahali injini inapozunguka kwa kasi zaidi bila kuguswa, kisha ifungue kidogo tu upande wa kuongeza petroli. Sasa piga resi ghafula. Injini ikiitika mara moja, ni vema. Ikisita na kutaka kufa, petroli ni haba. Ikiitika kwa uzito na kutoa moshi, petroli ni nyingi.

Hatua ya tatu. Geuza skrubu ya tatu mpaka injini ingurume kwa utulivu pasipo mnyororo kuzunguka. Mnyororo usogeao wenyewe wakati injini inangoja ni hatari ya kifo, wala usikubaliwe hata kidogo.

Hatua ya nne. Sasa njoo kwenye H, skrubu iokoayo au kuua injini. Piga resi mpaka mwisho kwa sekunde chache tu, msumeno ukiwa nje ya gogo, usikilize. Mlio ukiwa mwembamba, laini na mkali kama wa nyigu, fungua H upande wa kuongeza petroli, kidogo kidogo, mpaka usikie mlio ukigugumia, kama mtu asemaye akiwa na maji kinywani. Kisha tia msumeno katika gogo. Mgugumio ukikoma mara unapokata, na ukirudi mara unapotoa, umepata mahali penyewe. Ukiendelea kugugumia hata ndani ya gogo, petroli imezidi, punguza kidogo. Fundi mwenye kipimo cha mizunguko na akitumie, wala asipite idadi iliyoandikwa katika kitabu.

Hatua ya tano. Rudi ujaribu L na mwendo wa kungoja, kwa maana skrubu moja huathiri nyingine.

Kwa badiliko la hali ya hewa haihitajiwi kugeuza sana. Mara nyingi thumuni ya mzunguko, au pungufu, yatosha. Ukiwa na shaka, acha petroli izidi kidogo. Petroli ikizidi hupoteza nguvu na kuchafua plagi, na plagi ni kitu cha bei ndogo. Petroli ikipungua huunguza pistoni na silinda, na bei ya hizo yaweza kukaribia bei ya msumeno mzima.

Mengine yaletwayo na baridi

Oili ya mnyororo huwa nzito kama asali, isiweze kupita katika tundu lake. Basi wakati wa baridi hutumiwa oili nyepesi zaidi. Namna ya kujaribu ni rahisi: elekeza ncha ya bapa juu ya theluji safi, au juu ya karatasi, usiguse, kisha piga resi. Ukiona mstari mwembamba wa oili, oili yapita. Usipouona, usikate.

Magogo yaliyoganda huwa magumu na humaliza makali upesi. Wakataji wengi hunoa meno kwa pembe ya nyuzi 25 badala ya 30, ili ncha isiwe nyembamba mno. Kazi ikiisha, mnyororo ulegezwe. Ulipokuwa na joto ulirefuka. Ukipoa hujikunja, na ukiachwa umekazwa waweza kuumiza mhimili wa injini.

Msumeno baridi ukiingizwa katika nyumba yenye joto hupata matone ya maji kila mahali, kama chupa baridi iwekwayo mezani. Ukirudishwa nje, maji hayo huganda. Ni afadhali ukae katika banda kavu lisilo na moto. Wala mtu asiwashe injini ndani ya banda lililofungwa akitafuta kuipasha joto. Moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua kimya kimya.

Mwili wa mkataji nao wahitaji kutunzwa. Petroli ikimwagika juu ya mkono mtupu siku ya baridi kali, hupoza ngozi upesi hata ikaganda. Mtikiso wa msumeno pamoja na baridi huweza kuharibu mishipa ya damu, vidole vikawa vyeupe na kufa ganzi; kwa hiyo glavu zenye joto si anasa. Kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, suruali yenye nyuzi za kuzuia mnyororo, na viatu visivyoteleza, vyote ni vifaa vya kazi kama msumeno wenyewe. Kabla ya kukata, mtu atazame juu: theluji iliyolundikana matawini yaweza kumwangukia, na matawi yaliyoganda huvunjika bila kutoa ishara. Tena mtu asikate peke yake mahali ambapo hakuna wa kumsikia.

Haya yatuhusu nini sisi?

Msomaji wa Kenya aweza kusema, "Hayo ni ya Wazungu na theluji yao." Na asikilize jambo moja la mwisho.

Hewa haibanwi na baridi tu. Hubanwa pia na uzito wa hewa iliyo juu yake. Eldoret uko kwenye kimo cha mita kama 2,100 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika tano. Mtu akirekebisha msumeno wake Eldoret, kisha akapanda lori na kushuka nao mpaka Mombasa kwenda kukata miti, kila pumzi ya injini itakuwa na hewa nyingi zaidi kwa karibu robo nzima. Tumeona ya kuwa badiliko la kutoka siku ya joto hadi siku ya theluji huko Norwe ni sehemu 16 katika 100. Basi anayeshuka kutoka Eldoret hadi Mombasa, ingawa anakwenda kwenye joto, huipa injini yake badiliko kubwa kuliko lile la baridi ya Norwe! Akianza kukata kwa nguvu zote pasipo kugusa kabureta, aweza kuunguza pistoni asubuhi ile ile. Naye apandaye kutoka pwani kwenda Molo au Limuru ataona kinyume chake: moshi mwingi, nguvu haba, plagi nyeusi.

Kwetu watu wengi wenye misumeno hii wameinunua kwa akiba ya miaka, au kwa mkopo wa chama, nao huenda kutafuta kazi popote inapopatikana. Msumeno ukiungua, ada ya shule ya watoto imeungua pamoja nao. Ni huzuni kubwa kupoteza mali hiyo kwa sababu ya skrubu moja ambayo ingegeuzwa kwa dakika tano.

Mambo ya kukumbuka

Hewa baridi ni nzito. Hewa ya pwani ni nzito. Hewa ya milimani ni nyepesi.

Hewa ikiongezeka, petroli nayo haina budi kuongezwa. Na oili huja pamoja na petroli.

Mlio mwembamba wa kasi si dalili ya nguvu, bali ni onyo.

Safisha chujio kwanza, pasha injini joto, kisha ndipo ushike bisibisi.

Rekebisha msumeno mahali pale pale utakapofanya kazi, wala si mahali ulipotoka.

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini mtu wa Norwe hukata leo kuni za mwaka ujao?

2. Petroli hufanya kazi zipi tatu ndani ya injini ya msumeno?

3. Msumeno hugugumia nje ya gogo na kunyamaza ndani ya gogo. Je, umerekebishwa vema au vibaya?

4. Ndugu yako ashuka kutoka Eldoret kwenda Mombasa na msumeno wake. Utamwambia ageuze skrubu ya H upande gani, na kwa sababu gani?

Anayeweza kujibu swali la nne pasipo kurudi nyuma kusoma amelishika somo. Na amfundishe mwenziwe.